Msamaha Si Wenu Kuutoa: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Ukumbi wa Umaarufu wa Besiboli

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Ukumbi wa Umaarufu wa Taifa wa Besiboli,
Cooperstown, New York.

Nakala: Kamishna wa Ligi Kuu ya Besiboli.

Waheshimiwa,

YAH: KIPENGELE CHA TABIA KATIKA KANUNI ZENU ZA UCHAGUZI

Ninawaandikia kutoka Cincinnati, Ohio, mji ambao barabara ipitayo kando ya uwanja wake wa besiboli ina jina la Pete Rose, mchezaji na baadaye meneja wa Reds, timu ya mji huu, mtu ambaye ninyi bado hamjampa bamba la shaba, alama ya kuingizwa Ukumbini. Ninaandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha tunayobishania mchezo huu sisi tuliotoka pwani ya Afrika Mashariki tukalowea huku, na pia kwa kuwa besiboli si ngeni tena nyumbani: vijana wa Lugazi, Uganda, walifika Williamsport mwaka 2012 wakiwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za watoto, na jijini Dar es Salaam mchezo huu unachezwa katika viwanja vya shule ya Azania kwa msaada wa Wajapani. Vijana hao nao wataanza kubishana juu ya mabamba yenu, kama hawajaanza.

Ubishi wenyewe mnaujua. Mmoja husema kipaji ni kipaji, mpira hauulizi mpigaji alilala wapi jana, na kazi ya Ukumbi ni kuhesabu alichofanya uwanjani. Mwingine husema lila na fila havitangamani, na aliyejivunjia heshima asiwekwe mahali pa heshima hata kama alipiga mpira ukafika mwezini. Wa tatu, na huyu ndiye mwenye wafuasi wengi, husema yaliyopita si ndwele, nani hajakosea, tumsamehe mzee wa watu yaishe. Wa kwanza na wa pili nawaelewa, hata pale nisipokubaliana nao. Huyu wa tatu ndiye anayenitia wasiwasi, kwa sababu anagawa kitu kisicho chake, na kwa miaka miwili hii nimeanza kuona wakubwa wa mchezo wakimfuata nyuma.

Kanuni yenu inamtaka mpiga kura azingatie mambo sita: rekodi ya mchezaji, uwezo wake wa kucheza, uadilifu wake, uungwana wake mchezoni, tabia yake, na mchango wake kwa timu alizozichezea. Maneno hayo yamo tangu miaka ya 1940, na hayasemi uadilifu una uzito gani ukiwekwa mizanini na mipigo 3,000. Mwandishi wa habari za besiboli mwenye uanachama wa miaka 10 katika chama chao hupewa karatasi ya kura, huweza kuchagua hadi majina 10, na mchezaji akifikisha asilimia 75 ameingia. Mwandishi huyo anapopima uwezo ana takwimu za kila mechi tangu mchezaji alipokanyaga ligi kuu. Anapopima tabia ana magazeti, minong'ono ya vyumba vya kuvalia, na moyo wake mwenyewe. Ndiyo maana kosa la aina moja humfungia huyu mlango na kumpita yule kama upepo.

Na tusidanganyane juu ya usafi wa nyumba yenyewe. Cap Anson, ambaye katika miaka ya 1880 alikataa hadharani kucheza dhidi ya watu weusi na akasaidia kufunga mlango uliokuja kufunguliwa na Jackie Robinson mwaka 1947, alipewa bamba mwaka 1939. Kenesaw Mountain Landis, kamishna tangu 1920 hadi alipofariki 1944, kipindi ambacho hakuna mchezaji mweusi hata mmoja aliyeruhusiwa ligi kuu, naye yumo. Sisemi waondolewe. Nasema tu kwamba anayedai anaulinda Ukumbi usitiwe doa amechelewa sana kazini.

Tuje kwa Rose. Alipiga mipigo 4,256 iliyomfikisha kituoni salama, na hakuna mchezaji mwingine wa ligi kuu aliyefikisha idadi hiyo. Tarehe 24 Agosti 1989 Kamishna A. Bartlett Giamatti alimfungia maisha, baada ya uchunguzi wa wakili John Dowd kuonyesha kwamba, akiwa meneja wa Reds, alikuwa akibeti mechi za timu yake mwenyewe. Siku nane baadaye Giamatti akafariki ghafla. Mwaka 1991 bodi yenu ikapitisha kwamba aliye kwenye orodha ya waliofungiwa maisha hapigiwi kura, kanuni ambayo hapa mjini hata mtoto anajua ilishonwa kwa vipimo vya nani. Rose alikana kwa zaidi ya miaka 14, na alipokiri, Januari 2004, alikiri kupitia kitabu kilichokuwa kikiuzwa madukani. Ombi lake la kufunguliwa lilikataliwa na Kamishna Rob Manfred Desemba 2015. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024 akiwa na miaka 83, na mwezi wa Novemba uwanja wa Reds ukafunguliwa kwa saa 14 ili watu wamuage, kwa heshima ya jezi yake namba 14. Tarehe 13 Mei 2025, baada ya Rais wa Marekani naye kulivalia njuga suala hilo hadharani, Manfred akatangaza kwamba kifungo cha maisha kinakoma maisha yanapokoma, na kwa uamuzi huo mmoja Rose, Joe Jackson aliyefungiwa kwa kashfa ya kuuza fainali za 1919, na marehemu wengine, watu 17 kwa jumla, wakatolewa kwenye orodha. Hoja yake ni kwamba aliyekufa hawezi tena kuuhatarisha uadilifu wa mchezo.

Kama hoja ya kisheria inasimama, na siipingi. Ninachokipinga ni jinsi ilivyopokewa. Usiku uliofuata tangazo, uwanja wetu ulikuwa na hafla ya kumkumbuka Rose iliyokuwa imepangwa kabla, na maneno yaliyokuwa midomoni mwa watu ni kwamba hatimaye amesamehewa. Amesamehewa na nani? Katika uamuzi ule hakuna aliyeulizwa kama amekosewa, wala marehemu hakuwa na namna ya kuomba radhi. Kilichobadilika kati ya Desemba 2015 na Mei 2025 ni kwamba mtu mmoja amefariki.

Kule kwetu pwani, kabla ya jeneza kuinuliwa kupelekwa makaburini, ndugu wa marehemu husimama mbele ya watu akatangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze awaone warithi, na aliyekosewa naye ombi ni amsamehe. Tangazo hilo lipo kwa sababu kifo hakifuti deni. Kinamwondoa tu mdaiwa aliyekuwa na uwezo wa kulilipa kwa mkono wake. Wazee wetu hutenganisha haki ya Mungu na haki ya mja. Ya kwanza Mungu huisamehe apendapo. Ya pili haisameheki mpaka yule mja aliyedhulumiwa aridhie, na hakuna sheikh, hakimu wala umati wa watu uwezao kuridhia kwa niaba yake. Nimelelewa na kipimo hiki, na kila ninapokiweka juu ya mabishano ya besiboli naona makosa yanajitenga mafungu mawili bila kusukumwa. Aliyebeti mechi ya timu yake ameukosea mchezo, na mchezo una wasemaji wake, ambao ni ninyi na Kamishna. Aliyemuumiza mtu amemkosea mtu huyo, na hapo ninyi na mimi sote ni wapita njia.

Mchezo wenu wenyewe uliwahi kulionyesha jambo hili vizuri kuliko nitakavyoweza kulieleza. Tarehe 22 Agosti 1965, katika uwanja wa Candlestick Park, San Francisco, Juan Marichal wa Giants, mmoja wa warushaji bora wa kizazi chake, alikuwa zamu ya kupiga dhidi ya Dodgers. Nyuma yake alichutama mdakaji John Roseboro, ambaye alipokuwa akimrudishia mpira mrushaji wake, Sandy Koufax, aliupitisha karibu kabisa na sikio la Marichal. Wakatupiana maneno, Marichal akainua gongo, akampiga nalo kichwani. Uwanja mzima ukaingia vurugu kwa takriban dakika 14, na aliyemshika Roseboro akamtoa, damu ikimtiririka usoni, alikuwa Willie Mays wa upande wa Marichal. Jeraha lilihitaji nyuzi 14. Mwezi ule haukuwa mwepesi kwa yeyote kati ya wawili hao: mtaa wa Watts, katika jiji la Los Angeles alikochezea Roseboro, ulikuwa umewaka moto siku chache kabla, na nchi ya Marichal, Jamhuri ya Dominika, ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe huku askari wa Marekani wakiwa wameingia. Hayo yanaeleza hasira ilikotoka. Hayahalalishi gongo, na faini ya dola 1,750 pamoja na kukaa nje siku chache ilikuwa adhabu ndogo ya kutia aibu.

Marichal alistaafu akiwa na ushindi wa mechi 243. Kura ya 1981 ikamkataa, na ya 1982 ikamkataa tena, na sababu haikuwa siri. Kilichogeuza mambo hakikuwa takwimu, maana takwimu za mstaafu haziongezeki. Wawili hao walikuwa wamepatana: Marichal alimtafuta Roseboro, Roseboro akakubali, akaenda hadi Dominika kushiriki mashindano ya gofu ya mwenzake, na akawaambia watu waziwazi kwamba yale ya 1965 yasitumiwe kumzuia. Mwaka 1983 Marichal akachaguliwa, Mdominika wa kwanza kupata bamba Cooperstown. Roseboro alipofariki mwaka 2002, Marichal alikuwa miongoni mwa wabeba jeneza wa heshima, na alizungumza mazikoni. Mlango ule haukufunguliwa na waandishi, wala na mashabiki wa San Francisco, ambao wao walikuwa wamemsamehe tangu jioni ile ile kwa kuwa kichwa kilichopasuka hakikuwa chao. Uliwezekana kufunguka kwa sababu mwenye nyuzi 14 alisema neno lake.

Habari ya Roberto Alomar, wakati huo akichezea Orioles wa Baltimore, inafanana na hiyo mpaka mahali fulani, kisha inachepuka. Tarehe 27 Septemba 1996, mjini Toronto, mwamuzi John Hirschbeck alimtangaza Alomar kuwa ametoka, wakabishana, akamfukuza mchezoni, na Alomar akamtemea mate usoni. Baada ya mechi akamtonesha kidonda kibaya zaidi, kwa kuwaambia waandishi kwamba mwamuzi huyo alikuwa amejaa uchungu tangu afiwe na mwanawe. Mtoto huyo, mwenye miaka 8, alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa kurithi unaoshambulia ubongo, na ndugu yake alikuwa akiishi na ugonjwa huo huo. Hirschbeck aliposikia, kesho yake alikwenda kwa hasira mpaka chumba cha kuvalia cha Orioles, akazuiwa na wenzake. Siku hiyo hiyo, tarehe 28, Alomar alipiga mpira ukatoka nje ya uwanja katika awamu ya 10, na timu yake ikaingia mtoano. Alikuwa bado anacheza kwa sababu adhabu yake ya mechi tano ilisogezwa hadi mwanzo wa msimu uliofuata, na waliotaka kujua gongo zuri lina thamani gani mwezi wa Septemba walipata jibu.

Hata hivyo wawili hao walipeana mikono mwaka 1997, wakawa marafiki wa kweli, na Alomar akasaidia kuchangisha fedha za utafiti wa ugonjwa ule. Januari 2010 alikosa kuchaguliwa kwa kura nane tu, ingawa Hirschbeck alikuwa amekwisha kusema hadharani kwamba amemsamehe. Mwaka 2011 akaingia kwa asilimia 90. Kwa kosa lile, basi, mwenye haki aliridhia, na mimi sina la kuongeza.

Lakini Aprili 2021 Kamishna alimweka Alomar huyo huyo kwenye orodha ya waliofungiwa, kufuatia uchunguzi huru wa tuhuma za utovu wa maadili wa kingono zilizotolewa na mwanamke aliyefanya kazi katika besiboli, kuhusu tukio la mwaka 2014. Toronto wakaliondoa jina lake uwanjani. Naye akajiuzulu kutoka bodi yenu, maana alikuwa mwenzenu mezani, na ninyi mkatangaza kwamba bamba litabaki kwa kuwa siku alipochaguliwa alikuwa na sifa za kupigiwa kura. Kwa hiyo orodha ile ile iliyomzuia Rose mlangoni kwa zaidi ya miaka 30 haina nguvu juu ya aliyekwisha kuketi ndani. Sidai bamba ling'olewe. Nauliza ni vipi maneno ya shaba yanaweza kukaa kimya juu ya jambo ambalo Kamishna aliliona zito kiasi cha kumtenga mtu na mchezo mzima.

Hapa Cincinnati tuna mfano wetu, na huu unahusu bei. Aroldis Chapman akiwa na Reds mwaka 2010 alirusha mpira kwa kasi ya kilomita 170 kwa saa, kasi ambayo haijapata kupitwa. Mwishoni mwa 2015 ikajulikana kwamba mwezi Oktoba polisi walikuwa wameitwa nyumbani kwake Florida, mwenzi wake akidai kwamba alimkaba, na kwamba risasi zilifyatuliwa gerejini. Waendesha mashtaka hawakufungua kesi; Chapman alikana kumdhuru mwanamke huyo, akakiri tu kwamba hakutumia busara na bunduki. Mpango wa kumpeleka Dodgers ukavunjika. Yankees wakamchukua, na mkuu wao wa usajili hakuficha kwamba gharama ilishuka kwa sababu ya yaliyotokea. Ligi ikamfungia mechi 30, akiwa wa kwanza kuadhibiwa chini ya sera ya ukatili wa nyumbani iliyoanza Agosti 2015, sera ambayo kwa haki yake inamruhusu Kamishna kuchukua hatua hata pasipo hukumu ya mahakama. Julai 2016 Yankees wakamhamishia Cubs na kupokea wachezaji wanne, na Novemba Cubs wakatwaa ubingwa walioukosa kwa miaka 108.

Fuateni mlolongo huo mtu kwa mtu. Yankees walipata faida, Cubs walipata kombe, Chapman alipata mkataba mpya, na mashabiki wa Chicago walipata kilio cha furaha ambacho hata mimi, nisiye wao, kilinigusa. Yule mwanamke simwoni popote katika hesabu. Niliwasikia watu wazima, waungwana wenye mabinti, wakisema kwamba jamaa amekwisha kuadhibiwa na mambo yamekwisha, kana kwamba mechi 30 alilipwa mwanamke yule. Hicho ndicho ninachokiita kugawa mali ya mwenzio: shabiki anafurahia mkono unaorusha kilomita 170, kisha kwa kuwa furaha yake inamsuta anatangaza msamaha ili anywe bia yake kwa amani.

Juu ya dawa za kuongeza nguvu sina mengi. Barry Bonds, aliyepiga mpira nje ya uwanja mara 762, na Roger Clemens, mwenye tuzo saba za mrushaji bora, walimaliza miaka yao 10 mbele ya waandishi mwaka 2022 wakiwa na asilimia 66.0 na 65.2. Mwaka huo huo David Ortiz aliingia kwa mara yake ya kwanza, ingawa iliwahi kuripotiwa kwamba jina lake limo katika vipimo vya siri vya 2003. Desemba 2025 kamati yenu ya watu 16, inayowapitia waliokosa kura za waandishi, iliwanyima Bonds na Clemens hata kura tano. Bud Selig, aliyekuwa Kamishna wakati misuli ikivimba na viwanja vikijaa, ana bamba lake tangu 2017. Kisheria Clemens aliachiwa huru mwaka 2012 na hukumu ya Bonds ikafutwa mwaka 2015. Kama kuna waliodhulumiwa ni warushaji na wapigaji wa wakati wao waliocheza bila dawa, na hao wengi wako hai na wana chama. Mimi ningewapigia kura wote wawili, na kwenye mabamba yao ningeandika yaliyothibitishwa tu, bila kutia chumvi.

Kamari siwezi kuipita kwa haraka hivyo, kwa sababu inawapunguzia sauti. Tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoyafungulia njia majimbo mwaka 2018, ligi imeingia mikataba na kampuni za kubeti, na Ohio ilipohalalisha biashara hiyo tarehe 1 Januari 2023, aliyealikwa kuweka dau la kwanza katika kasino ya hapa mjini alikuwa Pete Rose mwenyewe. Shabiki wa leo anatengeneza mkeka wake kwenye simu akiwa ameketi uwanjani. Novemba 2025 warushaji wawili wa Cleveland, Emmanuel Clase na Luis Ortiz, walishtakiwa kwamba walikula njama na wabetiji juu ya mpira mmoja mmoja, mashtaka waliyoyakana. Msinielewe vibaya: Rose hakuonewa. Meneja anayebeti timu yake ishinde leo atamchosha mrushaji wake bora kwa ajili ya leo, bila kujali wiki ijayo, na siku asipobeti amewaambia wenye kamari jambo kuhusu timu yake bila kufungua mdomo. Lakini kijana aliyekulia katikati ya matangazo ya kubeti hataelewa kwa nini mzee huyu alifungiwa, na makosa yatakuwa yenu, kwa sababu bamba lisilosema lolote litamfanya aamini kwamba wazee wa zamani walikuwa wakali bure.

Kuna jambo jingine juu ya Rose ambalo hapa mjini watu hawapendi litajwe. Wanasema funika kombe mwanaharamu apite. Mwaka 2017 iliwasilishwa mahakamani taarifa ya kiapo ya mwanamke aliyesema kwamba katika miaka ya 1970 alikuwa na uhusiano wa kimapenzi na Rose kabla hajatimiza miaka 16. Rose alikubali kwamba uhusiano ulikuwapo, akasema aliamini msichana huyo ana miaka 16. Agosti 2022, katika hafla ya Philadelphia, mwandishi wa kike alipomuuliza juu ya habari hiyo, alimjibu kwa dharau kwamba ni mambo ya miaka 55 iliyopita. Kufungiwa kwake kulihusu kamari peke yake, na kufunguliwa kwake vilevile. Kipengele chenu cha tabia, hata hivyo, hakina mpaka huo, na wajumbe wa kamati ya namna hiyo itakayokutana Desemba 2027, ambayo inaweza kumpigia kura Rose, hawataweza kujifanya hawakusikia.

Najua mtasema kwamba jengo lenu lina pande mbili, makumbusho yanayosimulia historia yote na ukumbi wa mabamba wa kutoa heshima, na kwamba vifaa vya Rose vimo makumbusho siku nyingi. Ni kweli. Lakini mzazi aliyesafiri mpaka Cooperstown na mwanawe humsimamisha mbele ya bamba, ndipo anapompigia picha, na ndipo mtoto anapouliza huyu alikuwa nani. Maelezo yaliyo katika kabati la vioo upande wa pili wa jengo hayamjibu.

Ninachoomba ni kwamba bodi itenganishe katika kanuni zake makosa yaliyofanywa dhidi ya mchezo na yale yaliyofanywa dhidi ya watu. Ya kwanza yapimeni wenyewe, muwe wepesi au wakali mnavyoona, ilimradi sababu ziandikwe mahali tunapoweza kuzisoma. Kwa ya pili, wekeni utaratibu wa faragha wa kumfikia aliyekosewa, au familia yake kama hayupo, na kumwuliza kama analo la kuwaambia wapiga kura. Ajibu akitaka, akae kimya akitaka, na kimya chake kisihesabiwe kuwa ridhaa. Sitaki jibu lake liwe turufu ya mwisho, kwa sababu si haki kumbebesha mtu aliyeumizwa mzigo wa kuamua historia ya mchezo wenu. Mpiga kura anaweza kulisoma na bado akaheshimu mkono uliorusha au kupiga. Kuuheshimu mkono kumo ndani ya uwezo wenu. Msiseme tu, wala msiwaache wasemaji wenu waseme siku ya sherehe, kwamba mtu huyo amesafishwa.

Na ikiwa Rose atapata kura 12 zinazohitajika kati ya 16, bamba lake litaje mipigo 4,256, mechi 3,562 na ubingwa mara tatu, kisha liseme kwa herufi za ukubwa ule ule kwamba alibeti mechi za timu aliyokuwa akiiongoza, akafungiwa mwaka 1989, na akakana mpaka 2004. Watu wa mji wangu watanung'unika. Mimi nitasafiri kuja kulisoma.

Ningeshukuru kupata jibu lenu kabla ya majina manane yatakayopigiwa kura na kamati hiyo kutangazwa. Mkijibu kwa Kiingereza hapana neno, nitawatafsiria wenzangu mwenyewe, maana wanalisubiri kama ninavyolisubiri mimi.

Wenu katika mchezo,

Shabiki wa besiboli,
Cincinnati, Ohio.